Mtoto mchanga anayecheua usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saa nane za usiku shuka limelowa, shingo ya mtoto inanuka maziwa yaliyochacha, na mwenyewe amelala fofofo kana kwamba si yeye. Majibu haya ni ya wazazi na walezi wa watoto wa chini ya mwaka mmoja hapa Uganda, iwe mnaishi nyumba ya vyumba vitatu au muzigo wa chumba kimoja, Kampala, Arua, Busia au makazi ya Nakivale. Tumeyaandika tukiwafikiria zaidi walio na mtoto wa miezi sita ya mwanzo.

Kucheua na kutapika si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Mtoto anayecheua, maziwa humtoka taratibu pembeni mwa mdomo, mara nyingi pamoja na hewa, bila kujikaza. Akimaliza hana habari, na pengine anataka kunyonya tena. Anayetapika tumbo hujikaza, uso hubadilika, na maziwa hutoka kwa nguvu na kwa wingi. Kubeua ni kutoa hewa peke yake. Tumieni maneno haya kwa usahihi mkifika kliniki, kwa sababu mhudumu akisikia "anatapika kila usiku" ataanza kutafuta ugonjwa, kumbe mtoto anacheua tu.

Kwa nini anacheua, na kwa nini usiku ndiyo zaidi?

Kati ya umio (njia ya chakula kutoka kooni) na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado umelegea, tumbo lenyewe ni dogo, na chakula chote ni maji. Mtoto wa siku moja anatosheka na mililita 5 hadi 7 kwa mnyonyo mmoja, yaani kijiko kimoja cha chai na ushee. Tumbo likijaa kidogo kupita kiasi, au likibanwa, mlango unafunguka na maziwa yanarudi yalikotoka.

Mchana mtoto anabebwa wima muda mrefu. Usiku ananyonya akiwa amelala, mama naye amechoka, na titi likitoka mdomoni tu mtoto analazwa hapohapo. Ile nusu saa ya kukaa wima imepotea. Mambo mengi yanayosaidia usiku yanaanzia kwenye nusu saa hiyo.

Yanayotoka ni mengi mno. Si anabaki na njaa?

Macho hudanganya. Chukua kijiko kikubwa cha mezani, kijaze maji (mililita 15 hivi), kimwage juu ya leso kavu iliyotandikwa kitandani. Doa litasambaa kushinda kiganja chako. Sasa lilinganishe na doa la jana usiku. Wazazi wengi waliosema "amerudisha yote" hugundua kwamba yalikuwa vijiko viwili.

Mwamuzi wa kweli ni mizani. Mtoto hupungua uzito kidogo siku za kwanza, kisha anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa akifikisha wiki mbili. Baada ya hapo, miezi mitatu ya mwanzo, huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku kwa wastani. Safari za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ndizo nafasi ya kumpima, kwa hiyo ombeni nukta iwekwe kwenye mchoro wa kadi ya mtoto, isiwe namba tu. Apimwe bila nguo wala nepi, kwenye mizani ileile ikiwezekana, maana nepi iliyolowa peke yake inaweza kuongeza uzito wa siku kadhaa. Kati ya kliniki moja na nyingine hesabuni nepi: baada ya wiki ya kwanza, sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24 zinaonyesha kwamba maziwa yanamfikia.

Mtoto anayecheua lakini mstari wake unapanda ana tatizo la nguo chafu. Ugonjwa hana.

Alale ubavu au tumbo ili asipaliwe?

Alale chali, kila usingizi, hata kama anacheua. Ubishi hapa ni mkubwa kuliko kwenye swali lingine lolote, kwa sababu jajja (bibi) na majirani wengi walilelewa na kulea kwa kulala ubavu au tumbo, na hofu yao inaeleweka: aliyelala chali akirudisha maziwa, yataenda wapi?

Jibu liko kwenye maumbile ya koo. Njia ya hewa iko mbele, umio uko nyuma yake. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na umio chini, kwa hiyo maziwa yakirudi hukusanyika chini, naye huyameza tena au huyatema. Ili yaingie mapafuni ingebidi yapande mlima. Ukimgeuza alale kifudifudi, mambo yanapinduka: umio sasa uko juu, maziwa yanashuka kuelekea mlango wa hewa. Zaidi ya hapo mtoto mzima ana uwezo wa kuzaliwa nao wa kukohoa na kumeza anapoguswa kooni na kitu cha maji.

Kulala tumbo huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Ubavu nao si salama, kwani mtoto wa wiki chache huanguka kwa urahisi kuelekea tumbo, na ukimwekea leso iliyokunjwa mgongoni umeongeza kitu cha kumziba pua. Akishajifunza kugeuka mwenyewe pande zote mbili, mlaze chali kisha mwache achague.

Nikimwekea mto, au nikiinua kichwa cha godoro kwa matofali?

Usifanye. Kwenye mteremko mtoto huteleza, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inakunjika kama mpira wa maji. Kiti cha gari na kikapu cha kubebea ni vivyo hivyo, na mle ndani tumbo linabanwa, hivyo kucheua huzidi. Godoro gumu, tambarare, bila mto.

Tunalala naye kitanda kimoja, chumba ni kimoja. Tufanyeje?

Kilicho salama zaidi ni mtoto awe na mahali pake pa kulala karibu na mama: kitanda kidogo, au kigodoro kigumu sakafuni juu ya mkeka, chini ya neti yake mwenyewe. Tunajua si kila chumba kina nafasi. Mkilala pamoja, mtoto awe upande wa mama, si katikati ya watu wazima wala upande wa ukuta penye upenyo. Blanketi zito lisipite kwapa zake, mito isogezwe mbali. Siku ambayo mmoja wenu amekunywa pombe au dawa ya usingizi, mtoto asilale kitanda hicho. Aliyezaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5 anahitaji mahali pake kwa kila hali. Na kwenye kochi msilale naye kamwe.

Kulinda godoro, ile nailoni nzito iliyokuja na mama kit (kifurushi cha vifaa vya kujifungulia) inafaa ikioshwa vizuri, ila itandikwe chini ya shuka na ncha zake zikunjwe chini ya godoro kabisa. Kavera (mfuko wa plastiki) la dukani haliruhusiwi popote karibu na uso wa mtoto. Kavera likinata puani, mtoto wa miezi miwili hana nguvu ya kulitoa.

Nipe utaratibu wa usiku mmoja, hatua kwa hatua.

Kabla hujalala, panga vitu mahali ambapo mkono utavifikia gizani: vitambaa vinne au vitano vya pamba (leso kuukuu iliyokatwa inanyonya kuliko taulo jipya), nguo moja ya kubadilisha, nepi mbili, tochi au taa ya sola yenye mwanga hafifu. Mshumaa na tadoba visikaribie neti. Tandika kitambaa kimoja pale kichwa cha mtoto kitakapolala, ukikaze kwa kukikunja chini ya godoro pande zote, ili kikilowa ukivute na kubaki na shuka kavu.

Mtoto akianza kutafutatafuta kwa mdomo, usingoje alie. Anayelia kwa njaa humeza hewa, kisha hunyonya kwa pupa.

Badilisha nepi kwanza. Hili hupuuzwa sana. Ukimnyonyesha, kisha ukamnyanyua miguu hadi tumboni ili umfute, umekamua tumbo lililojaa. Kama huwa anajisaidia katikati ya kunyonya, mbadilishe unapohama titi, tena kwa kumgeuza kiuno upande, bila kuinua miguu. Nepi mpya iache nafasi ya vidole viwili kiunoni.

Kaa, usilale. Egemea ukuta, mtoto awe kichwa juu kuliko makalio. Mdomo ufunguke wazi, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeuke nje, na weusi wa titi uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ukisikia "tsk, tsk" au kuona mashavu yanabonyea, anavuta hewa: ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo, mtoe, anza tena.

Akimaliza titi moja, mtoe hewa. Akimaliza kabisa, mtoe tena, kisha mshike wima kifuani dakika 20 hadi 30. Dakika hizo ni ndefu usiku, na ndipo baba au jajja anapopata kazi. Mama arudi kulala, mwingine amshike, lakini aketi mahali ambapo hatasinzia naye. Usimfunge mgongoni kwa leso mara tu baada ya kunyonya, kwa sababu tumbo lake linabanwa na mgongo wako.

Kisha mlaze chali, taratibu, makalio yakitangulia na kichwa mwisho.

Kama usiku ni wa mara nne na huwezi kukaa nusu saa kila mara, fanya hivyo kwenye mnyonyo mkubwa wa kwanza na ule wa alfajiri, mingine dakika kumi. Haitakuwa kamili, itatosha.

Hewa haitoki hata nikimpigapiga. Nakosea wapi?

Pengine hukosei, hakuna hewa. Watoto wanaonyonya titi vizuri humeza kidogo. Jaribu dakika tatu hadi tano, ukibadilisha mkao mara moja: begani, tumbo likiegemea juu ya mfupa wa bega lako, au ameketi pajani, mkono wako mmoja ukishika taya lake (taya, si koo), mwingine ukisugua mgongo kutoka kiunoni kwenda juu. Kusugua hufanya kazi kuliko kupiga, na kumrusharusha hurudisha maziwa. Ikishindikana, endelea kumshika wima tu.

Titi langu linarusha maziwa, mtoto anakohoa na kujitoa. Je, ndiyo sababu?

Inawezekana sana, hasa wiki sita za mwanzo na hasa alfajiri, titi linapokuwa limejaa. Mtoto anapovuta na maziwa yakashuka kwa kasi, mtoe, acha ile kasi ya dakika moja imwagikie kitambaani, kisha mrudishe. Au lala chali nusu, umeegemea, mtoto akinyonya akiwa juu yako kifudifudi: maziwa yanalazimika kupanda, kasi inapungua. Mpe titi moja hadi alegee mwenyewe kabla ya kumpa la pili. Usikamue titi lote "kupunguza", kwa kuwa mwili utalisoma kama ombi la maziwa zaidi.

Wala usiache kunyonyesha usiku ili asicheue. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda usiku, na mtoto wa mwezi mmoja anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24.

Anatumia maziwa ya kopo. Kuna tofauti?

Utaratibu wa kushika wima ni uleule, ila makosa yanayowezekana ni mengi zaidi. Tuanze na kiasi: takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 4 ni mililita 600 kwa saa 24, na akila mara nane, 75 kila mara. Anayepewa chupa ya 120 "ili alale usingizi mrefu" atairudisha ile 45 kwenye shuka lako.

Tundu la chuchu: pindua chupa iliyojaa. Maziwa yadondoke tone baada ya tone, kama tone moja kwa sekunde. Yakitiririka, tundu ni kubwa mno. Usilipanue kwa sindano ya moto, mazoea yaliyoenea na yanayoleta kupaliwa. Chupa iinamishwe kiasi cha kujaza chuchu, hewa isiwemo, na mtoto apumzishwe kutoa hewa kila baada ya mililita 60 hivi. Ukishachanganya, zungusha chupa badala ya kuitikisa kwa nguvu, kisha subiri povu litulie.

Usiku, weka maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai inayoshika joto vizuri. Unga huchanganywa na maji ambayo bado ni moto sana, nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wa kopo si safi kabisa na joto hilo ndilo linaloua vijidudu. Halafu poza chupa kwenye beseni la maji baridi, dondoshea kwenye kifundo cha mkono kabla ya kumpa. Kijiko cha unga kiwe cha kopo hilohilo, kisawazishwe kwa kisu. Kijiko cha ziada hakimshibishi zaidi. Humkausha maji mwilini na kumfunga choo. Kilichobaki baada ya saa mbili kimwagwe, hata kama kopo ni ghali.

Maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji hayafai kuchukua nafasi ya titi au ya kopo kabla ya miezi sita.

Uji mwepesi kwenye chupa si utayafanya maziwa yakae?

Kabla ya miezi sita, hapana, hata wa mchele, hata kijiko kimoja. Unajaza tumbo kwa kitu chenye lishe ndogo, unaziba tundu la chuchu na kusababisha watu wapanue tundu, na unaweza kumpalia. Kuna maziwa ya kopo yaliyofanywa mazito kiwandani, lakini hayo ni ya kuelekezwa na daktari.

Maji ya gripe, kyogero, dawa za kuzuia kutapika?

Maji ya gripe, yale ya chupa yanayouzwa kutuliza tumbo la mtoto, hayafungi mlango wa tumbo. Baadhi yana sukari, baadhi yana magadi, na kijiko kimoja kinachukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo dogo. Kyogero (maji ya mitishamba) ya kuogea ni mambo ya familia. Tatizo linaanza mtoto anaponyweshwa, kwa sababu hakuna anayejua kipimo na maji yenyewe mara nyingi hayajachemshwa. Asali ni marufuku hadi mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kupumua.

Dawa za mafua zinazoleta usingizi msimpe mtoto mchanga "ili mlale". Zinaweza kupunguza upumuaji wake. Dawa za kupunguza asidi hazipunguzi kucheua kwa mtoto mwenye afya: maziwa yatatoka vilevile, yakiwa na uchachu pungufu.

Ameamka anapaliwa. Nifanye nini sekunde hiyo?

Sikiliza kwanza. Akikohoa au kulia, hewa inapita. Mgeuze ubavu palepale, uso ukielekea chini kidogo, acha maziwa yatiririke, futa mdomo halafu pua. Usimnyanyue ghafla kumsimamisha, usimpulizie usoni, usiingize kidole kooni.

Kama hana sauti, hawezi kulia, midomo inakuwa ya samawati: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako uliokaa juu ya paja, kichwa chini kuliko kiwiliwili, taya likishikwa. Piga mara 5 kwa sehemu ya chini ya kiganja kati ya mabega. Hakijatoka? Mgeuze chali, kichwa bado chini, bonyeza mara 5 katikati ya kifua kwenye mfupa, chini kidogo ya mstari wa chuchu, kina cha theluthi ya kifua. Rudia tano kwa tano huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akipona palepale, akapimwe siku hiyohiyo.

Maziwa yalitokea puani. Yamefika ubongoni?

Hapana. Pua na koo zimeunganishwa nyuma, basi. Yanawasha na yanatisha. Futa, na pua ikiziba tia tone moja la maji ya chumvi ya duka la dawa kila tundu.

Wanasema ana ebinyo, au kimeo ni kirefu, akakatwe.

Msikubali. Ebinyo ni jina wanalopewa watoto wenye homa, kuhara au kutapika, kisha mtu anachimba ufizi kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli. Kile cheupe anachokionyesha baadaye kama "funza" ni jino la utotoni ambalo bado halijaota, laini kwa sababu halijakomaa. Kinachofuata ni damu, pepopunda, sumu kwenye damu, na meno ya kudumu yanayoota vibaya au yasiyoota. Kukata kimeo ni habari ileile, na kimeo hakihusiki na mlango wa tumbo.

Mwenye kushauri hivyo kwa kawaida ana nia njema, na kumbishia mbele ya wageni hakusaidii. Mwambieni mtoto anapelekwa kwanza kituo cha afya, kisha mpelekeni kweli, kwa sababu homa na kuhara vilivyoanzisha mazungumzo hayo huenda ni malaria au maambukizi yanayotibika.

Ni lini si kucheua tena, ni hatari?

Ondokeni usiku huohuo mkiona lolote kati ya haya:

- Matapishi ya kijani kama maji ya majani ya mboga. Hiyo ni nyongo, na kwa mtoto mchanga inaweza kuwa utumbo umejisokota. Nendeni hospitali yenye upasuaji, msisubiri asubuhi.
- Damu, au vipande vya kahawia kama mashapo ya kahawa. Chuchu ya mama iliyopasuka inaweza kuwa chanzo, lakini apimwe.
- Joto la kwapani la 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, kwa mtoto wa chini ya miezi miwili.
- Amekataa kunyonya, amelegea, anaamka kwa shida, au amepata degedege.
- Pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na miwili. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia. Kifua kinachobonyea chini ya mbavu kinahesabika hivyohivyo.
- Tumbo limevimba na kuwa gumu, utosi umetuna, au hajakojoa kwa saa sita hadi nane.

Kuna moja isiyoonekana kama dharura mwanzoni: mtoto wa wiki mbili hadi nane anayetapika kwa kurusha mbali, baada ya karibu kila mnyonyo, kisha ana njaa palepale, na kila siku hali inazidi. Njia ya kutokea tumboni inaweza kuwa imefunga. Hutibiwa kwa upasuaji, na akichelewa hukauka.

Kituo cha ngazi ya II kwa kawaida hakina huduma ya usiku. Ngazi ya III ina wodi ya wazazi, kwa hiyo mara nyingi utapata mkunga wa zamu. Ya IV imepangiwa daktari na chumba cha upasuaji. Jueni leo, mchana, ni kipi kilicho karibu na mwendesha boda gani hupokea simu saa tisa usiku. Njiani mtoto awe mbele kifuani, wima, uso haujafunikwa na leso. Bebeni kadi yake na kitambaa kilicholowa, kwani rangi ya kile kitambaa ni jibu la nusu ya maswali ya daktari.

Mama aache kula nini?

Karibu kila mara, hakuna. Maharage, kabichi na matoke haviuchezei mlango wa tumbo wa mtoto. Wachache wana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kwa mama, na hao huwa na dalili nyingine: damu au kamasi kwenye choo, ukurutu, uzito usiopanda. Hapo daktari anaweza kumwambia mama aache maziwa kwa wiki mbili hadi nne kujaribu. Kuacha chai ya maziwa kwa kubahatisha humnyima lishe mama anayenyonyesha.

Anacheua dawa zake za usiku, ikiwemo sharubati ya nevirapini (dawa ya kumkinga mtoto na VVU).

Mpe kabla ya kunyonya, tumbo likiwa tupu, kwa sirinji, ukielekeza ndani ya shavu, kidogo kidogo. Mate yenye rangi ya dawa mdomoni si kutapika. Akitapika kweli ndani ya dakika 30, kwa kawaida dozi hurudiwa mara moja. Akirudisha na ya pili, usiongeze, mwulize aliyekupa dawa.

Itaisha lini?

Huzidi kufikia mwezi wa nne hivi, jambo linalowavunja moyo wazazi waliotegemea kinyume. Hupungua anapoanza kuketi na kula vyakula vizito, na watoto wengi huwa wameacha wakifikisha mwaka. Kucheua kunakoanza ghafla baada ya miezi sita, au kunakoendelea baada ya mwaka, kuchunguzwe.

Harufu haitoki kwenye nguo, na shingo imepata vipele.

Shingo kwanza: mikunjo yake hushika maziwa yakachacha. Asubuhi inua kidevu, futa kila mkunjo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa. Poda usitie, huganda na kuingia puani.

Nguo ziloweke kwenye maji baridi kabla ya sabuni. Maji ya moto hupika protini ya maziwa ndani ya uzi, ndiyo maana harufu hurudi mtoto akitoa jasho. Baada ya nusu saa fua kwa sabuni ya mche, suuza mara mbili, anika juani. Halafu piga pasi, pande zote, mishono na mikanda ikiwemo, hata kama ni pasi ya makaa. Nzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Vitambaa vya kucheulia, ambavyo huanikwa kila siku na kuguswa na uso, ndivyo vya kwanza kupigwa pasi. Makaa yenyewe yawashwe nje: sigiri haiingii chumba anacholala mtoto, hata usiku wa mvua.